Mkanda wa meno

Kwenye gereji za Gataka, fundi anayeagiza belti ya injini husema tu "taimingi", na muuza spea anamwelewa. Neno hilo linataja kazi, yaani kuoanisha valvu na pistoni, lakini halionyeshi kifaa chenyewe. Kwa vijana wanaounda roboti za mashindano nasisitiza "mkanda wa meno", kwa sababu jina hili linamwambia mnunuzi atazame wapi.

Feni belti huvuta kwa msuguano; ikilemewa, huteleza. Mkanda wa meno haupaswi kuteleza hata kidogo, maana kila jino huketi ndani ya pengo la puli. Chukua puli ya meno 24 na mkanda wenye milimita 5 toka jino hadi jino. Mzunguko mmoja unasogeza mkanda milimita 120. Puli ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mkanda unakimbia mita 12 kwa sekunde! Hapo puli ndogo mno ni hatari: meno yaliyoshikana na puli yakipungua chini ya sita, na mkanda ukalegea, utaruka jino na gurudumu la roboti la kurushia mipira litapoteza kasi. Mimi ningekuza puli kabla ya kupanua mkanda.

Mikanda hii ilibuniwa Marekani miaka ya 1940 kwa ajili ya cherehani, ili sindano na bobini viende sawa. Ule umbali wa jino hadi jino tuuite "hatua". Dukani hatua itajwe kwanza, kisha idadi ya meno, kisha upana.