Ua la Magnolia na Kura ya Watoto

Aghalabu tunapofundisha habari za nembo za dola huishia kwenye bendera, ngao na wimbo wa taifa. Leo tumeonelea vyema tuwadokezee walimu wenzetu na wanafunzi wao habari ya ua. Katika Marekani kila jimbo lina ua lake rasmi, na magnolia ni ua la majimbo mawili ya kusini, Mississippi na Louisiana.

Magnolia ya huko ni mti mkubwa wenye majani mazito yanayong'aa mwaka mzima. Ua lake ni jeupe, kubwa kama sahani, lenye harufu nzuri. Ukoo wake ni wa kale mno. Ulikuwako kabla ya nyuki, na hata leo wachavushaji wake wakuu ni mbawakawa. Jina lake latokana na Pierre Magnol (1638–1715), mtaalamu wa mimea wa Montpellier, Ufaransa.

Mnamo Novemba 1900 wanafunzi wa shule za Mississippi walipiga kura kuchagua ua la jimbo. Magnolia lilipata kura 12,745, na ua la mpamba 4,171. Matokeo hayo yafaa kuzingatiwa, kwani pamba ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa jimbo, na kwa ajili yake watu weusi zaidi ya 400,000 walikuwa watumwa huko mwaka 1860. Bunge la jimbo lilikuja kuuthibitisha uchaguzi huo kwa sheria mwaka 1952.

Hata hivyo, wakati watoto walipokuwa wakichagua ua, watu wazima wengi weusi hawakuweza kumchagua hata diwani. Katiba ya jimbo ya 1890 ilikuwa imewawekea vikwazo viwili: kodi ya kura na mtihani wa kusoma. Sisi walimu hatuna budi kusikitika tukiona kwamba kusoma, kazi yetu ya kila siku, kuliwahi kugeuzwa kuwa komeo la mlango.

Magnolia lenyewe limebebeshwa maana zaidi ya moja. Mwaka 1861, Mississippi ilipojitenga ili kuulinda utumwa, mti huo ulichorwa katikati ya bendera yake. Tarehe 3 Novemba 2020 wapiga kura, weusi kwa weupe, waliikubali bendera mpya yenye ua la magnolia, mahali pa ile ya 1894 iliyobeba alama ya majeshi ya waliojitenga. Mmea ni ule ule. Waliobadilika ni watu na nia zao.

Basi, tunapowafundisha wanafunzi neno nembo, tusiishie kuwatajia rangi na umbo. Tuwaulize pia: ni nani aliyeichagua, na ni nani aliyezuiwa asichague?