Bonde la Msimbazi na Fedha Zetu za Matofali

Ndugu zangu, tarehe 9 Desemba 2011 tulikula pilau hapa Stockholm kusherehekea miaka 50 ya Uhuru wa Tanzania Bara. Siku 11 baadaye mvua kubwa ikaanza Dar es Salaam. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haikupata kunyesha namna ile tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walifariki. Mama yangu alilala juu ya bati la jirani huko Mchikichini, nami nilikuwa zamu ya usiku wodini, simu mfukoni, nikiwageuza wazee wa watu vitandani.

Watoto wetu huuliza kwa nini mto ule haukomi kufurika. Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji ukipokea vijito njiani, na kuingia baharini pale daraja la Salenda. (Daraja la kwanza lilijengwa 1929, likapewa jina la John Einar Selander, mkuu wa ujenzi wa Tanganyika. Waswidi ninaofanya nao kazi hudhani ni mtu wao.) Pale mlangoni pana mikoko, na bahari hupanda na kushuka. Mvua ya bara ikikutana na bamvua, maji ya mto hayana pa kwenda. Yanatanda Jangwani na kuingia majumbani. Tena mchanga na taka vimejaza mkondo mwaka hadi mwaka.

Hatari hiyo haikuwa siri. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 ulilihesabu bonde hilo kuwa eneo la hatari, lisilofaa kujengwa. Lakini Kariakoo iko hapo hapo, mtu anakwenda kuuza kwa miguu bila nauli. Watu wakajenga, sisi tukiwemo.

Baada ya mafuriko Serikali iligawa viwanja Mabwepande, mbali nje ya mji. Wako waliohamia, wako waliorudi bondeni. Mama alirudi. Na hapa niseme jambo tusilolisema vikaoni: fedha za kurudia nilizituma mimi. Matofali, saruji, kizingiti kilichoinuliwa hadi magotini. Mwaka 2014 maji yakaja tena, 2018 tena, na kila mara nikatuma. Niliona ni kumtunza mzazi.

Hata hapa tunaishi penye mlango wa maji. Ziwa Mälaren humwagikia baharini katikati ya Stockholm, na mwaka 2000 lilijaa hadi watu wakaingiwa na hofu. Milango ya zamani ya Slussen haikuweza kutoa maji ya kutosha. Ndiyo sababu mojawapo ya ujenzi ule ulioanza 2016, tulioulalamikia kila tulipobadilisha basi.

Msimbazi nao umefikiwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa bonde: kuchimba mkondo, kujenga daraja la juu zaidi Jangwani, kuwalipa wakazi wahame. Nyumba ya mama ilitiwa alama. Karibu na Kariakoo viwanja havishikiki kwa bei, hivyo nikaongezea fidia yake kwa akiba yangu, akanunua Chanika.

Huko mto haumfikii. Lakini mvua ikianza tu, ananipigia simu kuniuliza kama nimesikia maji yamefika wapi Jangwani.