Zebaki Kinywani: Ugomvi wa Miaka Mingi

Mtu aliyezibwa jino zamani kwa kizibo cha metali huweza kuambiwa siku moja: «Hicho ni sumu. Ukikitoa utapona kichwa chako, uchovu wako na usahaulifu wako.» Maneno hayo yamewatia wengi hofu, tena yamewamaliza wengine fedha zao. Basi, wasomaji wapenzi, tutafute yalikotoka, maana ugomvi huu ni mzee kuliko babu zetu.

Kizibo hicho waganga wa meno hukiita amalgamu. Karibu nusu yake ni zebaki; sehemu iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Zebaki ni metali ya ajabu: hutiririka kama maji, nayo hushikana na metali nyingine hata zikawa donge moja. Wachimbaji wa dhahabu wa Ituri na Kivu wanaijua sana. Huitia katika mchanga, nayo hukusanya chembe za dhahabu. Kisha huunguza lile donge, zebaki ikatoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke ule ndio wenye kudhuru mapafu, ubongo na mafigo. Katika jino donge haliunguzwi. Mganga hulishindilia lingali laini, nalo hukauka na kuwa gumu, na kesho yake mtu hutafuna chakula chake bila taabu.

Wachina waliandika habari za donge la namna hii tangu mwaka 659. Huko Paris, katika miaka ya 1820, Mfaransa Auguste Taveau alichanganya zebaki na fedha ya sarafu. Lakini vita vyenyewe vilianza New York mwaka 1833, walipofika ndugu wawili wa ukoo wa Crawcour. Walijisifu kwamba wanaziba meno upesi, bila maumivu. Kumbe, walishindilia donge lao hata juu ya uozo ambao haukusafishwa! Waganga waliokuwa wakiziba kwa dhahabu walikasirika mno. Chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1840, kiliwalazimisha wanachama kutia sahihi kwamba hawatatumia amalgamu kamwe. Sisi hatuamini kwamba walifikiri afya ya watu tu. Kizibo cha bei ndogo kiliwanyang'anya wateja pia. Watu wengi hawakuweza kulipa dhahabu, na waganga wengine walikataa kiapo kile. Chama kikafa mwaka 1856.

Miaka sabini ikapita. Mwaka 1926 akasimama Mjerumani Alfred Stock, bingwa wa kemia. Huyu hakuwa mchuuzi. Yeye mwenyewe alikuwa amevuta mvuke wa zebaki kwa miaka mingi katika chumba chake cha kazi, akaugua kichwa, kizunguzungu na kusahau. Aliandika kwamba vizibo navyo hutoa mvuke, akawataka waganga waviache. Katika jambo moja alisema kweli: vizibo hutoa mvuke kidogo, hasa mtu anapotafuna. Neno lililobaki lilikuwa hili: je, kidogo hicho chatosha kumwuguza mtu?

Katika miaka ya 1980 Hal Huggins, mganga wa meno wa Colorado, Marekani, alifundisha kwamba magonjwa mazito yanatokana na vizibo, na kwamba dawa yake ni kuvitoa. Wagonjwa wakamjia kwa wingi, na wengi wao walikuwa wamekata tamaa kwingine. Mwaka 1996 alinyang'anywa ruhusa ya kazi.

Ni kweli kwamba wengine husema wamepata nafuu baada ya kutolewa vizibo, wala hatuwacheki. Lakini angalieni yaliyoonekana Ujerumani, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2008. Wagonjwa 90 waligawanywa katika mafungu matatu: la kwanza walitolewa vizibo, la pili walitolewa na kupewa dawa za kusafisha mwili, la tatu hawakutolewa, ila walifundishwa namna ya kutunza afya. Mwisho wa mwaka mafungu yote matatu yalikuwa yamepata nafuu, bila tofauti kubwa. Zebaki ilipungua mwilini mwa wale waliotolewa, lakini hawakuwashinda wenzao kwa uzima.

Tena kutoa kwenyewe kuna madhara yake. Mashine inapokata kizibo, mvuke huzidi, na zebaki katika damu hupanda kwa muda, ndipo ishuke polepole. Sehemu ya jino zima nayo huondoka pamoja na kizibo, nayo haioti tena. Wapo wachache wanaohitaji kutolewa: wale ambao miili yao hukataa metali hiyo, na wenye vidonda vyeupe shavuni palipogusana na kizibo, mara nyingi hao hupona.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ulioteswa na sumu ya zebaki, uliagiza matumizi ya amalgamu yapunguzwe. Norwe ilikwisha kuikataza mwaka 2008, na nchi za Umoja wa Ulaya, isipokuwa kwa haja kubwa ya mgonjwa, tangu Januari 2025. Sababu kubwa ni zebaki inayomwagika katika maji na kuingia katika samaki. Amri hizo zinakataza vizibo vipya. Haziagizi kamwe kwamba vya zamani vilivyo vizima vitolewe.