Jani la mahindi lilichukua jicho la anko yangu, lakini hii stori ilianza 1879

Wasee, leo sina utani. Mimi ni wa Kangemi, kampasi niliachana nayo mwaka wa pili, kwa hivyo msiniite daktari. Lakini hii historia nimeichimba kwa sababu ilitugharimu jicho la mtu.

Anko yangu alienda ushago kuvuna. Jani la mahindi likamkwaruza jicho. Kitu kidogo tu. Kurudi Nairobi, jicho jekundu, akaingia kemisti fulani akapewa dawa ya matone. Likatulia siku mbili tatu, halafu likaanza kuuma vibaya, na doa jeupe likatokea hapo katikati. Akabadilishiwa dawa mara mbili. Alipofika kwa daktari wa macho, wiki kadhaa zilikuwa zimeenda. Ilikuwa kuvu. Na ile dawa ya kwanza ilikuwa na steroidi.

Manze, kuvu kwa jicho? Mimi nilidhani kuvu ni ya mkate.

Kumbe inajulikana tangu 1879. Daktari Mjerumani, Theodor Leber, aliandika kuhusu mkulima aliyerukiwa jichoni na makapi ya nafaka wakati wa kupura. Mkulima, shamba, mmea. Zaidi ya miaka 140 baadaye, anko ni kesi ile ile.

Sasa mbona haishikwi mapema? Kwanza, inafanana sana na kidonda cha bakteria. Kwenye utafiti wa 2012, mabingwa wa konea walionyeshwa picha za vidonda wakapatia kama theluthi mbili tu. Hao ni mabingwa, je, msee wa kemisti? Macho matupu hayatoshi. Lazima kidonda kikwaruzwe kidogo, sampuli iwekwe kwa kioo itazamwe na darubini, na nyingine ioteshwe maabara. Hiyo ya kuotesha inaweza kuchukua siku nyingi.

Pili, steroidi. Zilipoingia kwa dawa za macho miaka ya 1950 zilikuwa kama muujiza: wekundu unaisha, uchungu unashuka. Shida ni kwamba zinapunguza nguvu ya kinga ya mwili, na kuvu inabaki na uwanja wa bure. Jicho linakaa poa huku linaliwa.

Sasa sikia hii. Dawa ya hii kuvu ilitoka hapa hapa Afrika. Mwaka wa 1955 natamaisini ilipatikana kwa kijidudu cha udongo wa Natal, Afrika Kusini, na ndiyo maana ya hilo jina. Marekani iliiidhinisha kwa macho 1978. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwa orodha ya dawa muhimu 2017. Piga hesabu: miaka 62. Na hiyo hiyo dawa hupakwa kwa jibini isishike kuvu. Jibini inalindwa, mvunaji wa mahindi anahangaika kuitafuta.

Kitu kinaniuma zaidi hakihitaji hata maabara. Leber aliandika ni nini kilimgonga yule mkulima. Anko alipitia watu watatu kabla ya mtu kumuuliza, "Jicho liliguswa na nini?"

Kwa hivyo ukikwaruzwa, usingoje kuulizwa. Taja jani. Uliza kama hiyo dawa ina steroidi. Doa jeupe likitokea, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Anko bado anaenda kuvuna. Siku hizi anavaa miwani ya fundi wa kuchomelea, na watoto wa ushago wanamcheka. Yeye anavuna tu.