Kabila Linaloitwa "Nakwambia"

Skiza podikasti yoyote ya vijana wa Nairobi inayopenda kuchambua maisha, na kabla dakika ishirini ziishe utaiskia ile sentensi. Wanaongea mahari, ama jinsia, ama kabila, ama kwa nini mwanaume haruhusiwi kulia. Halafu mmoja anasogelea maikrofoni na kusema, "Lakini si hizi vitu zote tumejiundia tu?" Wenzake wanaguna, "Eeh, kweli," na stori inaruka kwa mada nyingine.

Kwangu mimi, hapo ndipo kipindi kingeanza. Kusema kabila limeundwa na watu ni kama kusema nyumba imejengwa. Sawa, tumeskia. Nani alijenga? Lini? Kwa mawe yaliyotoka wapi? Na ni nani analala nje mvua ikinyesha?

Kwa hivyo leo tuchukue hiyo moja, kabila, tuifuate na historia hapa hapa Kenya. Na tuanze na kitu ambacho nashangaa hakifundishwi kila shule: moja ya makabila makubwa ya nchi hii lilipata jina lake kutoka kwa maneno ya mtangazaji wa redio.

Kwanza, noti ya thao

Wazo la ujenzi wa kijamii halikuanza TikTok. Mwaka 1966 wanasosholojia wawili, Peter Berger na Thomas Luckmann, walitoa kitabu kizima kuhusu namna watu wanavyoujenga ukweli wanaoishi ndani yake. Ukiiondolea hoja yao maneno makubwa, inabaki hivi: watu wanafanya jambo kwa sababu zao, jambo linazoeleka, linapewa jina na sheria, halafu watoto wanazaliwa na kulikuta hapo kama wanavyoukuta Mlima Kenya. Aliyezaliwa juzi haoni alama za mikono ya fundi.

Wewe Mkenya umeshaiona hii kwa macho. Kumbuka 2019. Mwezi wa Juni tulipata noti mpya, na Benki Kuu ikasema noti ya zamani ya thao mwisho wake ni tarehe 30 Septemba. Kesho yake asubuhi karatasi ilikuwa ile ile, rangi ile ile, lakini hata mama mboga hangeigusa. Noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi benki, zikabaki karatasi tu. Thamani yake ilikuwa imekaa kwa makubaliano yetu, na makubaliano yalikuwa yamehama usiku.

Lakini usikimbie hapo. Jaribu kumwambia mwenye nyumba kwamba pesa ni kitu tumejiundia tu, uone kama utalala ndani mwisho wa mwezi. Kitu kinaweza kuwa kimeundwa na watu na bado kikufungie mlango. Podikasti nyingi huteleza hapa. Zikishagundua kitu kimejengwa, zinadhani zimeshakibomoa.

Sauti kwenye redio

Sasa turudi miaka ya 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vijana wetu wengi wako jeshini, na huku nyumbani watu wanaanza kupata habari za redio kwa lugha za Kiafrika. Kati ya watangazaji kuna mtu anaitwa John Chemallan, anayetangaza kwa Kinandi, na ana neno lake analopenda kurudia hewani, lenye maana ya "nawaambia".

Wakati huo kule Alliance High School, Kikuyu, kuna wanafunzi 14 kutoka jamii tofauti za Bonde la Ufa zinazoskizana kwa lugha. Wako wachache shuleni, na hawana jina moja la kujiita wote pamoja. Wakaanzisha klabu yao, na jina wakalitoa kwa lile neno la kuongea: Kalenjin. Yaani "nakwambia".

Usiipite hii haraka. Kabla ya hapo kulikuwa na Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet, Wapokot na wengine, na kila mmoja alijua yeye ni nani. Vitabu vya wakoloni viliwaita kwa jumla "watu wanaozungumza Kinandi", jina ambalo Mkipsigis hakuwa na sababu yoyote ya kulifurahia. Wakipsigis wenyewe waliandikwa "Lumbwa", na Wapokot "Suk", majina waliyopachikwa na watu wa nje. Hao wanafunzi waliamua kujiita wenyewe.

Na jina likashika. Mwaka 1948 kukawa na Kalenjin Union kule Eldoret. Miaka ya 1950 kukawa na gazeti la kila mwezi lenye jina hilo hilo. Mwaka 1960 kukawa na Kalenjin Political Alliance, moja ya vyama vilivyoungana kuunda KADU. Kutoka maneno ya redio hadi meza ya kujadili uhuru, haikufika hata miaka 20. Mtoto aliyezaliwa Kapsabet mwaka 1965 alikuta Kalenjin ipo tu, kama mlima.

Mawe yalitoka wapi

Msomaji mmoja hapa atasema, "Kumbe ni feki." Pole pole. Hao vijana hawakujenga hewani. Lugha zilikuwa zinafanana kweli. Marika ya tohara, Maina, Sawe, Korongoro na mengine, yalikuwa yanazunguka katika jamii nyingi za huko tangu kitambo. Hayo ni mawe halisi. Walichoongeza ni saruji na jina juu ya mlango.

Msomaji mwingine atasema, "Basi makabila ni kazi ya mkoloni." Hapo kuna ukweli, lakini nusu. Mkoloni ndiye aliyechora mipaka ya riziavu, hii ya hawa, hii ya wale, na mwaka 1926 akaitangaza rasmi kwa gazeti la serikali. Mkoloni ndiye aliyemvalisha mwanaume Mwafrika kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, kimeandikwa jina, kabila na kazi alizofanya. Kabla ya hapo mtu angeweza kuhama, kuoa upande wa pili, kubadilisha lugha, na wajukuu wake wakahesabiwa huko. Kipande kikafunga huo mlango. Ukishaandikwa, umeandikwa.

Ila Waafrika hawakukaa tu wakichorwa. Waliona serikali inaskiza kundi kubwa, na kundi dogo linaambiwa ngoja. Kwa hivyo wakaungana. Angalia Pwani: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Wakauma na Wajibana walikuwa wanaitwa kwa pamoja "Wanyika", watu wa porini, na hilo halikuwa jina la heshima. Miaka hiyo hiyo ya 1940 wakaunda Mijikenda Union, na jina la miji tisa, yaani kaya tisa, likachukua nafasi ya tusi. Angalia Magharibi: watu walioandikwa "Wabantu wa Kavirondo" wakaanza kujiita Abaluyia, na kufikia miaka ya 1940 kulikuwa na chama kinachobeba jina hilo.

Na sio kila ukuta ulisimama. Waluhya walijaribu pia kutengeneza lugha moja ya kuandika, na kamati ikakaa ichague maneno na herufi. Wamaragoli, ambao wamisionari wa Quaker walikuwa wameshawachapia Agano Jipya kwa Kilogoli, walikataa katakata. Ndio maana mpaka leo Mbukusu na Mmaragoli ni Waluhya wote wawili wakati wa kura, lakini wakiongea kila mtu lugha ya kwao, huenda mmoja akahitaji mkalimani. Fundi anaweza kuwa na ramani nzuri na wenye mawe wakakataa kuyatoa.

Nyumba ikishika moto

Nilisema kuna kitu kinapotea tukisema "tumejiundia" halafu tuendelee na maisha. Hiki hapa.

Redio iliyosaidia watu kupata jina miaka ya 1940 ilikuja kupata kazi nyingine. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na maelfu kwa maelfu walifukuzwa kwao. Ripoti ya tume hiyo ilizitaja redio za lugha za mama kwa namna zilivyochochea chuki. Mtangazaji mmoja wa redio alifikishwa hadi ICC kule The Hague, na Aprili 2016 kesi ikafungwa bila yeye kupatikana na hatia. Lakini swali lilibaki kwa kila mtu mwenye maikrofoni: ukisema "sisi" na "wao" hewani, unajenga nini?

Waliochomewa nyumba hawakuuliwa na wazo la kufikirika. Mtu aliulizwa kitambulisho, jina lake la pili likasomwa, basi.

Na leo serikali bado inahesabu. Sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 inasema hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Nia ni nzuri. Lakini jiulize: Kalenjin ni jamii moja ama ni nane? Mijikenda ni moja ama ni tisa? Jibu linaamua nani atapata kazi. Makubaliano ya klabu ya shule yameingia kwa hesabu za ajira.

Halafu kuna Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi kwa mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani. Watoto na wajukuu wakazaliwa hapa, lakini bila kitambulisho. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti, huna kura. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kwenda kumwona rais. Mwanzoni mwa 2017 wakatangazwa kabila la 43. Mwaka 2023 Wapemba nao wakatambuliwa. Sasa nenda umwambie mama wa Kimakonde kwamba kabila ni kitu tumejiundia tu. Anajua, kuliko mtu yeyote wa podikasti. Aliona likiundwa, kwa miguu yake, na alilihitaji ili serikali ikubali kwamba yuko.

Aina mbili za wenye hekima

Kuna Mkenya mmoja aliyetangulia hizi podikasti zote. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alianza miaka ya 1970 kwenda vijijini kukaa na wazee na kurekodi mazungumzo nao. Wazungu wengi walikuwa wanasema Afrika haina falsafa, ina desturi tu. Yeye akaamua kwenda kuuliza maswali: Mungu ni nini, haki ni nini, mwanaume na mwanamke ni sawa? Kisha akawaweka wazee katika makundi mawili. Wa kwanza anajua vizuri sana jamii yake inaamini nini, na anaweza kukueleza kwa ufasaha. Wa pili anajua hayo yote, lakini anasimama kando na kuuliza kama ni kweli, na kwa nini. Huyo wa pili ndiye Oruka alimwita mwanafalsafa.

Hicho ndicho kipimo changu kwa kipindi chochote siku hizi. Ukweli ni kwamba "hizi vitu tumejiundia" imeshakuwa imani ya kabila letu, kabila la mtandao. Anayeirudia bila kuuliza zaidi ni yule mzee wa kwanza, tofauti ni kwamba ana maikrofoni ya bei.

Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, kizazi chetu kilisema hakina kabila, hakina kiongozi, hakina chama. Ilinisisimua na bado inanisisimua. Lakini rudi kwa wale wanafunzi 14 wa Alliance. Neno zuri walilipata siku moja. Kilichofanya neno liishi ni klabu, halafu union, halafu gazeti la kila mwezi, halafu watu waliokubali kukaa kwenye mikutano mirefu isiyo na kamera. "Bila kabila" nayo ni neno tu, mpaka ipate ofisi, daftari la wanachama, mchango wa mazishi na mtu wa kufungua mlango Jumatatu asubuhi. Kabila linakupa hivyo vyote leo. Ukitaka watu wahame, wajengee pa kuhamia.

Kazi ya wiki hii, kama una simu inayorekodi, una kila kitu unachohitaji. Mpigie nyanya ama guka. Muulize babu yake yeye alijiita nani kabla ya hilo jina liko kwa kitambulisho chako, na waliooa kutoka upande wa pili walihesabiwa wapi. Usimkatize. Halafu niambie hapo chini alisema nini.