Boriti na Kalenda ya Upepo

Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig alibuni simpleksi, mbinu ya kihesabu ya kupanga kazi penye uhaba. Nahodha wa Ghuba alikuwa akiipiga hesabu hiyo kichwani tangu zamani. Kaskazi ilimleta Lamu na Rufiji na tende. Kusi ilimrudisha na boriti za mikoko. Akichelewa kupakia, bahari ilichafuka mwezi Juni, akakwama hadi upepo upoe. Nyumba za kale za Dubai zinashuhudia: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Bandari ya Jebel Ali, iliyofunguliwa 1979, haingoji upepo. Lakini mpangaji wake bado anauliza: muda haba, nafasi haba, nipakie nini kwanza?