Kugeuza Ncha, Si Kusahihisha

Mwaka 1955 mwanasaikolojia wa Marekani, George Kelly, alieleza jedwali ambamo mtu huwapambanua watu anaowafahamu kwa sifa azitajazo mwenyewe, kila sifa ikiwa na ncha mbili. Kelly alitumia alama ya vema. Baadaye zikaja tarakimu 1 hadi 5, na taabu ikaanza: mstari mmoja 1 ni mpole, mwingine 1 ni mchoyo. Programu FOCUS ya Mildred Shaw hulinganisha mistari ilivyo, kisha mmoja ukiwa umegeuzwa: 6 kutoa 2 huwa 4. Mfasiri akiandika “kusahihisha” humdhulumu aliyejaza jedwali, kwani hakukosea. Twapendekeza “kugeuza ncha”, na majina ya ncha yabadilishane nafasi pamoja na tarakimu.